Kadi za Tazama

Kila jioni nyumba ya fundi cherehani ilikuwa na kelele mbili. Moja ilikuwa ya cherehani. Nyingine ilikuwa ya mke wake akisoma kwa sauti. Walitumia meza moja. Upande huu kulikuwa na vitambaa, chaki na mkasi. Upande ule kulikuwa na daftari, kalamu na simu yenye kioo kilichopasuka pembeni.

Mke wa fundi alikuwa na miaka thelathini na sita. Alisoma chuo cha mifugo. Aliwahi kuacha masomo miaka mitatu, mume wake alipougua mgongo. Sasa alikuwa amerudi. Wenzake darasani walimwita Shangazi, kwa sababu aliwazidi wote umri.

"Niiteni tu," aliwaambia. "Lakini siku ya mtihani msichungulie karatasi ya shangazi yenu."

Jumatatu ile hakusoma kwa sauti. Alikuwa ameandika ripoti kuhusu kideri, ugonjwa unaoua kuku. Ripoti ilikuwa imerudishwa. Karibu kila ukurasa mwalimu alikuwa ameandika maneno mawili kwa wino mwekundu: Nani kasema?

"Kaandika nini?" fundi aliuliza, mguu ukiwa bado kwenye cherehani.

"Niliandika kwamba kuku mwenye kideri hupona kwa pilipili na majivu. Ameuliza nani kasema."

"Kwani nani kasema?"

"Na wewe!"

"Nauliza tu, mke wangu."

"Nilikuta kwenye mtandao. Ukurasa hauna jina la mwandishi. Hata tarehe hauna. Mwalimu anasema kideri hakina dawa, kina chanjo. Anataka vyanzo vitano vya kuaminika, vitabu au tafiti. Mwisho Ijumaa. Nikikosa, narudia mwaka."

Fundi akasimamisha cherehani. "Mwaka mzima?"

"Mzima. Na najijua, baba. Nikiambiwa kurudia, sitarudi tena."

"Si kuna maktaba hapo chuoni?"

"Siku hizi vitabu tunavitafuta kwenye tovuti yao. Hebu angalia."

Shangazi alifungua tovuti ya maktaba kwenye simu. Ukurasa ulikuwa mpana kuliko kioo. Maneno yalikatika upande wa kulia. Aliusukuma kwa kidole huku na huku mpaka akakiona kitufe cha kutafuta. Akaandika: kideri. Wakasubiri. Jibu likaja: Hakuna kilichopatikana.

"Labda vitabu navyo vimepata kideri," fundi alisema. "Vimekufa vyote."

Shangazi hakucheka. Alichukua kipande cha kitambaa mezani akafuta machozi.

"Hiyo ni kola ya mteja," fundi alisema kwa upole. Akampa kipande kingine. "Sasa nikuulize. Mteja akivaa gauni nililomshonea, likambana, kosa ni la nani?"

"Lako."

"Basi tovuti hiyo inakubana. Kesho nenda kwa aliyeishona."

"Wataniona mjinga."

"Mteja anayelalamika simwogopi hata kidogo. Namwogopa yule asiyerudi."

Kesho yake asubuhi Shangazi alifika maktaba. Ukumbi ulikuwa safi na mtupu. Viti arobaini, wasomaji watatu. Nyuma ya kaunta alikaa mkutubi, dada kijana mwenye miwani. Mwaka uliopita yeye ndiye aliyesimamia kazi ya kuhamisha kadi zote za vitabu kwenye tovuti. Kwenye meza ya nyuma bibi mmoja alikuwa akigundisha jalada la kitabu kilichochanika.

"Karibu, dada," alisema mkutubi. "Unaweza kutafuta hata ukiwa nyumbani. Kila kitu kipo kwenye tovuti."

"Nimetafuta kideri. Nimeambiwa hakuna."

"Haiwezekani. Ugonjwa wa kuku? Tuna vitu kumi na vinne." Mkutubi aliandika neno kwenye kompyuta yake kubwa, akageuza kioo. "Umeona?"

Shangazi akasogea karibu. "Lakini wewe umeandika mdondo. Mimi niliandika kideri."

"Ni kitu kimoja."

"Mimi na wewe tunajua. Mashine inajua?"

Mkutubi alizunguka kaunta, akavuta kiti, akakaa kando ya Shangazi.

"Naomba unionyeshe kwa simu yako," alisema. "Fanya kama ulivyofanya nyumbani. Mimi nitanyamaza."

Alinyamaza kweli, ingawa ilimuuma. Aliona ukurasa ukikatika. Aliona kidole kikihangaika kutafuta kitufe. Aliona jibu: Hakuna kilichopatikana. Mwaka mzima alikuwa akiifungua tovuti ile kwenye kompyuta kubwa tu. Hakuwahi kukaa kando ya msomaji.

"Pole sana, dada," alisema. "Nilidhani wanafunzi hawapendi kusoma. Kumbe sisi ndio tumewafungia mlango."

"Mngeingiza kadi zangu, haya yasingetokea," ilisema sauti kutoka nyuma.

Ni yule bibi. Kabla ya kompyuta, yeye ndiye aliyeandika kadi zote za maktaba kwa mkono. Wanafunzi wa zamani walimbandika jina la Bi Tazama.

"Kadi zipi, mama?" mkutubi aliuliza.

"Kadi za tazama. Juu niliandika Kideri. Chini yake nikaandika: tazama Mdondo. Mtu akija na neno lake, kadi inampeleka kwenye neno la maktaba. Ziko wapi?"

Mkutubi alishika kichwa. Wakati wa kuhamisha, aliwaambia wachapaji waingize kila kadi yenye namba ya rafu. Kadi isiyo na namba iwekwe kando. Kadi za tazama hazikuwa na namba, kwa sababu hazikuwa vitabu. Zilikuwa njia ya kufikia vitabu.

"Tulidhani ni kadi mbovu," alisema. "Ziko kwenye maboksi chini ya ngazi. Mbona hukuniambia?"

Bi Tazama aliweka brashi ya gundi chini. "Hukuniuliza. Nami nilinuna, mwanangu. Nilisema moyoni, waache na mashine yao, watanitafuta. Nilikukomoa wewe, kumbe namkomoa huyu." Akamwangalia Shangazi. "Nisamehe, binti yangu."

"Nimekusamehe, mama," alisema Shangazi. "Lakini Ijumaa inakuja."

Wote wakacheka, kisha wakafanya kazi. Mkutubi alimfundisha kukagua chanzo. Nani ameandika? Ana ujuzi gani? Ameandika lini? Amepata wapi habari zake? Kufikia mchana Shangazi alikuwa na vyanzo sita. Kimoja kilikuwa utafiti wa chanjo ya kideri, uliofanywa na mwanafunzi wa chuo hichohicho miaka minane nyuma. Haukuwahi kusomwa na mtu tangu uingie kwenye tovuti.

Shangazi alipoondoka, mkutubi alifungua orodha ambayo hakuwahi kuigusa. Tovuti ilikuwa ikihifadhi maneno yaliyotafutwa yakakosa jibu, bila majina ya waliotafuta. Kideri, mara arobaini na moja. Chakula cha kuku, mara thelathini, kwa sababu maktaba iliandika lishe. Minyoo, mara ishirini na sita, kwa sababu maktaba iliandika vimelea.

"Njoo uone, mama," alimwita Bi Tazama. "Watu walikuwa wanabisha hodi kila siku."

Waliyatoa maboksi chini ya ngazi. Bi Tazama alisoma, mkutubi aliandika. Neno la msomaji lilifungwa pamoja na neno la maktaba, ili ukiandika moja mashine itafute yote mawili. Kadi zilikuwa mia sita na kumi na mbili. Kazi ilichukua wiki tano. Ukurasa nao ukatengenezwa upya ili ukae vizuri kwenye kioo cha simu. Juu yake kikawekwa kitufe kilichoandikwa: Uliza mkutubi. Na kila Jumatano mkutubi alimwalika msomaji mmoja atafute kitu huku yeye akiangalia, kimya.

Shangazi alikabidhi ripoti yake Ijumaa, saa nne asubuhi. Wiki mbili baadaye matokeo yalibandikwa ukutani. Alikuwa amefaulu. Hakurudia mwaka. Siku hiyo fundi alifunga kazi mapema, jambo ambalo wateja wake hawakumbuki kulishuhudia.

Kazi ya kadi ilipokwisha, mkutubi alimpigia simu.

"Shangazi, mwalimu amependekeza ripoti yako iwekwe kwenye tovuti, kila mtu aisome bure. Nataka unisaidie. Watu watakuja kuitafuta kwa maneno gani?"

Shangazi alifikiri. "Andika kideri. Andika mdondo."

"Nimeandika."

"Ngoja kidogo. Mfugaji wa mbali hajui hata jina la ugonjwa. Anachokijua ni kile anachokiona bandani. Andika kuku kusinzia. Andika kuku kuharisha kijani. Andika kuku kupinda shingo."

Mkutubi aliandika yote, moja baada ya jingine.

Siku nne baadaye alifungua orodha yake ya asubuhi, ambayo sasa ilionyesha pia maneno yaliyopata jibu. Mahali fulani mtu alikuwa ameandika kwa haraka, kwa herufi ndogo, bila nukta: kuku wangu amepinda shingo nifanyeje

Pembeni, tovuti ilikuwa imeandika: Kimepatikana kimoja. Kimesomwa hadi mwisho.