Maji ya Mlangoni

Kikombe kilikuwa kimelowa tena. Lidwina alikiacha kikavu, kimefudikizwa juu ya kifuniko cha mtungi, akafunga nyumba kwa ufunguo na kwenda misa ya asubuhi. Aliporudi alikikuta sakafuni, matone yakikitiririka ubavuni, na chumba kinanuka matope ilhali Songea haikuonja mvua tangu Mei. Angemsingizia mumewe, Otto, lakini Otto alikuwa mahabusu.

Hakupiga kelele. Aliyazoea hayo tangu Otto aliporudi kutoka vita vya Kagera, na siri ya mtungi aijuaye kata. Alikifuta kikombe kwa pindo la kanga, akakitia kapuni pamoja na chakula cha mumewe, akashika njia ya kituo cha polisi. Alikuwa na neno la kubishia.

Taarifa ya polisi ilisema Otto alifika amelewa kwenye zahanati ya askari wastaafu, akamvamia mhudumu aitwaye Daimu bila sababu na kumvunja mkono. Mkono ulivunjika kweli. Lidwina alikuwepo, aliusikia. Lakini pombe! Mtu ambaye hata komoni ya harusi ya binti yao Dorine hakuilamba! Kule Lizaboni walikokaa, siku hizi sabuni na sukari zilipatikana madukani bila foleni, na maneno ya watu vilevile. Tayari walishaanza kumwita Otto mlevi.

"Afande, ile taarifa si kweli," alimwambia Sajini Bashiru pale kaunta. "Mume wangu hakulewa."

Bashiru, mtu wa Pangani aliyehamishiwa huku kwenye baridi, alikuwa mwema, na ndiyo maana aliudhika.

"Mama, hiyo pombe ndiyo itakayomwokoa. Mlevi hakimu humwonea huruma, miezi michache karudi kwako. Nikiifuta, anabaki mtu mwenye akili zake aliyemvunja mwenzake mkono. Hiyo ni miaka. Au niandike kichaa, afungiwe Dodoma usimwone tena?"

"Andika ilivyokuwa."

"Ilikuwaje?"

Lidwina aliteremsha sauti. Kulikuwa na mzee mmoja kitandani anasubiri kupelekwa hospitali kupasuliwa tumbo, akawa anaomba maji. Daimu akamkatalia, na kwa haki, maana wa kupasuliwa hanywi. Otto, aliyekuwa benchini akingoja dawa zake, akaanza kutetemeka. Kinywani mwake ikatoka sauti nyembamba ya kijana, lugha ambayo hakuna aliyeijua, kisha neno moja la Kiswahili: maji. Ndipo akamrukia Daimu.

Bashiru hakucheka. Mtu wa pwani hafanyi mzaha na mambo hayo.

"Hilo ni jini, mama."

"Sijui ni nini, afande. Ninachojua ni kwamba nililikaribisha mimi."

Akamweleza. Siku Otto aliporudi kutoka vitani, mama mkwe wake, Walburga, alimwagiza amzuie nje ya ua mpaka yeye alete majani ya kumwogeshea. Kwao, maji ya kwanza ya mtu atokaye vitani si yake. Huyamwaga chini kwa mkono wake, akiwataja aliowaacha wamekufa, ndipo yeye anywe. Lidwina aliyajua yote hayo. Lakini alimwona mumewe amekonda vile, midomo imepasuka, na furaha ikampofusha. Alimkimbilia na kikombe kile kile, akamnywesha mlangoni mpaka tone la mwisho. Walburga alipofika na majani yake, aliyaangusha.

"Umemnywesha?"

"Alikuwa na kiu, mama."

"Si yeye aliyekuwa na kiu."

Walburga alikufa akimsihi mwanawe amwage maji na kutaja jina, na Otto kila mara alijibu kwamba hakumwacha mtu.

"Nimeleta kikombe," Lidwina alisema. "Nitolee mume wangu, afande, amwage mbele yako. Likimtoka, utaandika mwenyewe ulichokiona."

Bashiru alifikiri, akanong'ona Audhubillahi, akaenda kumtoa.

Otto alikuja akiburuta miguu, na kabla hajafika kaunta ile harufu ilimtangulia, matope na damu iliyolala, na mchana ule mweupe ukaonekana umefifia, na Lidwina alipojaza kikombe kwenye ndoo ya kituo akasikia koo likimeza mate mahali ambapo hapakuwa na mtu, karibu kabisa na sikio lake, likimeza na kumeza kama la mtoto anayelia kimyakimya, na maji kikombeni yakaanza kutikisika ingawa mkono wake ulikuwa umetulia.

"Baba Dorine," alinong'ona, "mtaje. Mtaje umwage, twende nyumbani."

Otto alikipokea.

"Nilikuwa mhudumu wa majeruhi," alisema. "Tulimkuta mtaroni, askari wa upande wa adui, risasi ya tumboni. Hata ndevu hajaota. Akaniambia jina lake, akaomba maji. Nilifundishwa kwamba mwenye jeraha la tumbo hapewi maji. Chupa ninayo kiunoni, imejaa, nami namwambia ngoja, gari linakuja. Nilijua haliji. Nilijua atakufa tu, na bado sikumpa."

"Basi mpe leo. Mwage."

"Nikimwaga ataondoka, Lidwina. Aende wapi? Kwao hawajui hata alipolala. Nilimnyima maji, sasa nimfukuze na mlangoni?"

Akainua kikombe akanywa, na wote wawili, mke na askari, walisikia makoo mawili yakinywa.

"Andika nilikuwa nimelewa," Otto alimwambia Bashiru, akamrudishia mkewe kikombe. "Nenda nyumbani, Mama Dorine. Umechoka."

Bashiru alimgeukia Lidwina. Angekataa, wangemfunga Otto miaka, au wangempeleka kwa vichaa. Machozi yalimjaa.

"Andika, afande," alisema, akakirudisha kikombe kapuni.

Jua lilikuwa linazama alipofungua mlango wake. Alikaa karibu na mtungi bila kuwasha taa. Punde akasikia maji yakichotwa kwa viganja, na ile sauti nyembamba ikasema, "Maji." Hakuogopa. Alikijaza kikombe akakiweka sakafuni, maana huyo naye alikuwa na mama mahali fulani. Kikombe kikainama, kikanyooka kitupu.

Kisha sauti ya pili ikasema gizani, kwa upole, kama ilivyomsemesha miaka yote ya ndoa yao:

"Na mimi, Mama Dorine. Nina kiu."

Mlango ukabishwa. Alikuwa Sajini Bashiru, kofia mkononi, hawezi kumtazama usoni.

"Mama," alisema, "mzee wako tulimkuta mahabusu amelala tu, hapumui."

Lidwina aliuendea mtungi. Alichota maji, akasimama na kikombe pale pale mlangoni alipompokea siku ile. Alijua la kufanya: kumwaga na kutaja. Lakini kati ya majina mawili alilijua moja tu, na huyo ndiye ambaye moyo wake haukuweza kumfukuza.

Alirudi ndani akakiweka kikombe sakafuni, kisha akaenda kabatini kutafuta cha pili.