Kitu Namba Kumi na Saba

Kikohozi chenyewe hakikumtisha katibu. Nani asiyekohoa? Kilichomtisha ni kitambaa ambacho binti yake alikiacha juu ya meza ya ofisi. Katikati yake palikuwa na vumbi jeupe, laini, lenye unyevu. Akalinusa. Chokaa mbichi.

"Umeshika chokaa leo, mama?"

"Chokaa ya wapi, baba? Tangu asubuhi nachapa hiyo historia yako. Na huo mwandiko wako, utadhani kuku kapita!"

Katibu akacheka kidogo, lakini moyo ulishampasuka, pa! Binti yule hajawahi kushika mwiko wa fundi hata siku moja. Na mama yake alianza hivyohivyo, kwa kitambaa, akafa kabla mwaka haujaisha. Madaktari walisema ni vumbi la kazi, na watu wakakubali. Sasa hili ni vumbi la kazi gani, kwa mtoto wa kukaa kitini?

Historia yenyewe ilikuwa ya Chama cha Kutunza Nyumba za Kale za Mtaa, kilichokuwa kinatimiza miaka kumi na miwili. Ukitoa porojo za mikutano, ni historia ya mwanamke mmoja tu. Tingatinga lilipokuja kubomoa nyumba ya kona, mke wa katibu alibeba kigoda, akakiweka mlangoni, akakaa zake kushona shati la mumewe. Dereva akapiga honi mpaka akachoka. Majirani nao wakaleta vigoda. Hadi jioni walikuwa tisa, na chama kikawa kimezaliwa. Nyumba ikanusurika, ikawa ofisi, na mwanamke akaitwa Mama Chokaa, kwa mikono yake isiyotakata hata aioshe vipi.

Alikuwa na utaratibu wake, na ole wako uuvunje. Kitu chochote kilichopatikana ukutani wakati wa ukarabati kilipimwa, kikafunguliwa, kikaandikwa kwenye daftari, kisha kikarudishwa palepale. Misumari, barua, kiatu cha mtoto, vyote vimo. Katibu akalivuta daftari lile, akashuka na kidole hadi mstari alioupita mara mia bila kuutilia maanani.

"17. Chungu kidogo, mdomo umezibwa kwa nta. Fundi amekataza kisifunguliwe. Kimefunguliwa. Ndani: hakuna kitu."

Tarehe ilikuwa wiki moja kabla ya kikohozi cha kwanza cha mkewe.

Masikini katibu! Alikuwa na siri ya miaka kumi na mmoja. Kila siku saa kumi alasiri, wanachama wakishaondoka, mwiko ulikwaruza nyuma ya ukuta wa chumba cha ndani, harufu ya chokaa ikajaa, na sauti ya marehemu ikauliza, kama alivyokuwa akiuliza siku zote, "Umekula, mzee wangu?" Naye hujibu, "Nimekula," hata kama hajatia kitu tumboni tangu jana. Basi, hayo tu. Moyoni alijua wafu hawafanyi hivyo. Alijua, akajitia hamnazo, kwa sababu alimpenda mkewe na nyumbani kulikuwa kimya mno. Tena miezi miwili iliyopita, kwa mdomo wake mwenyewe, alimwomba binti aje kumsaidia kuchapa.

Saa kumi ikagonga akiwa bado ameinamia daftari. Mwiko ukakwaruza. Akangoja swali lake, lakini swali halikuja, na badala yake akaisikia sauti ileile, tamu ileile, ikisema polepole, "Njoo, mwanangu, sogea, mbona unaniogopa," na alipoinua kichwa kiti cha binti kilikuwa kitupu, na akakimbilia chumba cha ndani huku harufu ikimkaba koo na sakafu ikiwa na alama nyeupe za miguu ambazo zilikwenda tu, hazikurudi.

Binti alikuwa ameegemeza shavu ukutani, midomo imekuwa myeupe.

"Baba," alinong'ona, "mama yumo humu."

Alimbeba mgongoni mpaka barabarani.

Asubuhi akamfuata fundi mwashi, yuleyule wa namba kumi na saba, akamsimulia yote.

"Mimi si mganga," fundi akasema kwa sauti ya chini. "Bibi yangu ndiye alikuwa mganga, mimi nilimbebea mkoba tu. Lakini huyu jini namjua. Hana sauti yake. Akiua mtu, huazima sauti ya marehemu."

"Miaka yote hii, kwa nini hajaondoka?"

"Aende wapi? Si kuna mtu anamwitikia kila siku?"

"Basi nifanyeje?" katibu akauliza.

"Atarudi chunguni," fundi akaendelea, "akiamriwa na huyohuyo anayemwitikia. Ila ukishaamuru, usimjibu tena. Ukitoa neno moja kabla nta haijaganda, binti hatunaye. Na ile sauti hutaisikia tena, bwana katibu. Nakwambia mapema."

Alasiri ile walikaa wawili mbele ya ukuta uliobomolewa, chungu katikati, nta ikiyeyuka kwenye jiko dogo. Mwiko ulipokwaruza, katibu akasema, "Ingia." Fundi akaanza kumimina nta, na kuta zikatoa jasho jeupe, na sauti ikatoka ndani ya chungu ikiwa haina hasira hata kidogo, ingekuwa na hasira ingekuwa nafuu, ikamwita mzee wangu, ikamwambia kuna giza humu, ikamkumbusha kigoda, na honi, na shati, ikamuuliza nimekosa nini, ikamuuliza sasa utakula na nani, mzee wangu, utakula na nani, na katibu akang'ata mkono wa shati lilelile, alilokuwa amelivaa, mpaka mshono alioshona mkewe ukaachia. Nta ikaganda. Kukawa kimya.

Chungu kikarudishwa palepale, ukuta ukazibwa. Kikohozi kikaisha siku ya tatu.

Siku ya nne katibu alifungua daftari. Akakata maneno "hakuna kitu". Mbele yake akaandika: "Sauti ya mke wangu. Kisifunguliwe." Saa ya ukutani ikagonga saa kumi. Hakuna kilichokwaruza. Akalia kama mtoto.

"Umekula, baba?"

Akaziba mdomo kwa kiganja. Binti alikuwa amesimama mlangoni, akidhani baba yake hakusikia. Akasogea, akauliza tena. Katibu akaishika mikono yake, akaigeuza, akaitazama kidole kimoja kimoja. Ilikuwa safi.

"Sijala, mama," akasema. "Siku nyingi sijala."