Dawa Iliyowekewa Siku Mbaya

Siku ile mjinga alikuwa Sultani. Mwenyewe halifichi. Mwulizeni atawaambia, tena kwa kicheko, maana ndivyo alivyo: akijikwaa hulisifu jiwe kwanza.

Sikilizeni, ndugu zangu. Ilikuwa miaka ile soko huria lilipowaleta wanunuzi binafsi wa korosho hadi vijijini Newala. Sultani aliuza vizuri, akaezeka bati, akajenga na tangi la kuvunia mvua. Asubuhi hiyo alikaa barazani na mkewe, Mama Shakila, akimtania.

"Wewe sasa mke wa tajiri. Ukitaka kupiga chafya, tuma mtu."

Mama Shakila akacheka, mara akashika kiuno, kicheko kikakatika.

Alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi, nayo ilikwisha kusambaa. Alishakwenda Dar es Salaam kupigwa mionzi, na alitakiwa arudi. Juma lililopita Sista Anastasia, muuguzi wa hospitali moja ya misheni upande wa Masasi, alipanda na pikipiki kumletea mofini, dawa ya maji ya kutuliza maumivu.

"Anywe kila baada ya saa nne," aliagiza. "Asingoje mpaka aumwe."

Lakini Sultani ni mtoto wa nchi isiyo na mto. Alikua akimwona mama yake akishuka bondeni alfajiri na kupanda na ndoo moja, na ndoo hiyo ikilindwa kama mwali. Kwake kitu chema hakimalizwi, huwekwa. Basi chupa akaifungia sandukuni, akawa anampa mkewe kipimo kimoja tu kila jioni, na hicho nacho akakiona kingi.

Msimwite mkatili. Alimpenda mno yule mwanamke. Ila mapenzi yakikosa maarifa, nayo hutia kufuli.

Mama Shakila akaacha kula. Akaacha kumsuka binti yake. Shakila akimgeuza mkekani, mama anauma kanga asipige kelele. Sultani akaleta utani wake wote, mpya na mkuukuu; mkewe akageukia ukutani.

"Dar siendi tena," alisema siku moja. "Basi lile na mashimo yale? Niacheni nife hapa."

Sista Anastasia aliporudi aliomba kuiona chupa. Sultani akafungua sanduku kwa majivuno.

"Baba Shakila! Mbona imejaa?"

"Nimeitunza, Sista. Naiwekea siku mbaya."

Sauti ikatoka mkekani, nyembamba:

"Na leo, Baba Shakila, unaiona nzuri?"

Sultani akaliacha sanduku wazi. Akaketi chini, akamshika mkewe mguu, akalia.

Sista hakumgombeza. Alimpimia mgonjwa dawa, akamwachia na ya kulainisha choo, maana mofini hufunga, akamwambia Sultani, "Ikiisha naleta nyingine. Kazi yetu hii ya kumtuliza mgonjwa maumivu na kuwasaidia watu wake inaitwa huduma shufaa. Inaanza mapema, inakwenda pamoja na mionzi. Haingoji matibabu yashindwe." Kisha akamwinamia mgonjwa. "Mama, unaogopa nini?"

"Mwanangu hajaambiwa kitu."

Wakamwita Shakila, wakamweleza ukweli, wakalia wote watatu. Sista naye akafuta macho.

Tangu hapo Sultani ndiye aliyepima dawa, kwa saa, bila kukosa. Hazikupita siku nyingi mama akaomba uji. Akamsuka binti. Akapanda basi, akamaliza mionzi yake.

Nisiwadanganye: hakupona. Alifariki msimu wa korosho uliofuata, akiwa ameyasema yote aliyotaka kuyasema.

FUNZO

Ndugu zangu, maumivu hayana tuzo kwa mvumilivu. Mwenye saratani kubwa aonwe mapema na watu wa huduma shufaa, angali anatembea na kucheka. Dawa apewe kama ilivyoagizwa, na nyumba nzima isaidiwe kusema ukweli. Kumkubalia mgonjwa nafuu hakumwiti Izraili.

Najua wabishi wapo. Alikuwapo Dadi, mdogo wake Sultani, aliyefika siku ile mgonjwa anakula uji. Alipoiona chupa akatikisa kichwa.

"Shemeji, dawa hiyo mbona ni ya watu wanaokufa?"

Mama Shakila akameza kwanza, akafuta mdomo.

"Na ugali unaokula wewe, shemeji, ni wa watu wasiokufa?"