Mabuti ya Lowell

Kila Novemba Marlys alikusanya nguo za baridi kwa ajili ya wanajeshi wastaafu wa mji wao, kaskazini mwa Minnesota. Watu walileta magunia tele ukumbini. Wengine walileta hata kaptula.

Aliyetaka koti alionyesha cheti cha jeshi, kisha akapigwa picha pamoja na aliyelitoa. Picha zilibandikwa ukutani.

Kaka yake, Lowell, alikuwa amepigana vitani. Sasa aliishi peke yake kwenye nyumba ya bati kando ya reli. Mabuti yake yalikuwa yamepasuka.

"Njoo ukumbini uchukue mabuti, kaka."

"Nije nisimamishwe mbele ya kamera kama ndama wa maonyesho?"

"Ni picha tu! Nikikupa bila picha, watasema napendelea ndugu yangu."

"Basi wape wanaopenda picha."

Marlys akampelekea soksi za pamba, pea sita. Akaona ametimiza wajibu wake.

Januari baridi ilikaza. Asubuhi moja alimkuta Lowell kitandani, vidole vya miguu vyeupe kama nta. Alikuwa ametoka kutafuta kuni, theluji ikaingia kwenye mabuti.

Marlys alifanya kama baba yao alivyowafundisha. Alichota theluji, akaisugua ile miguu kwa nguvu. Kisha akaisogeza karibu na jiko.

"Wala sisikii moto," Lowell alisema. "Baba angejivunia."

Hospitalini, muuguzi Renata aliitazama miguu, akaona ngozi iliyochubuka.

"Nani aliisugua?"

"Mimi. Kwa theluji. Kwetu ndivyo tunavyofanya."

"Hata bibi yangu alifanya hivyo, mama. Ni makosa. Nyama iliyoganda ukiisugua, inaumia ndani. Na mguu wenye ganzi hauhisi jiko likiuunguza. Mfunike, mlete hapa haraka. Kama hospitali ni mbali, na miguu haitaganda tena njiani, iloweke kwenye maji ya vuguvugu."

"Lakini alivaa soksi mbilimbili!"

"Za pamba. Pamba ikilowa hukaa na maji, mguu ukapoa. Sufu hutunza joto hata ikiwa na unyevu. Na buti lisibane."

Lowell alikatwa vidole vitano.

Novemba iliyofuata, Marlys alibandua picha zote. Hakuuliza cheti. Aliomba soksi mpya za sufu na mabuti mazima. Mhitaji alitaja namba ya mguu tu, na mzigo ukaachwa mlangoni kwake. Majira yale ya baridi, Renata hakumpokea mstaafu hata mmoja aliyeganda miguu.

Lowell ndiye aliyechambua soksi.

"Pamba," alisema, akizitupa pembeni. "Hizi ni za kufutia gari."

Marlys alimletea mabuti mapya. Akayavaa. Mbele kulibaki nafasi. Lowell akakunja soksi ya sufu, akaisokomeza pale vidole vilipokuwa.

"Sasa yananikaa," akasema. "Mwaka jana yangenikaa vizuri zaidi, dada."

Marlys akavuta gunia jingine, akalifungua.