Noti Zilizoungwa kwa Uji

Kila Jumamosi Koleta alimwaga majivu chini ya kitanda cha bibi yake, Raheli, kuzuia mchwa. Nyumba nyingi za kijiji chao, Myamba, zilifanya hivyo. Chini ya kitanda kile kulikuwa na kikapu chenye noti kumi na nne za shilingi kumi, fedha ya kahawa. Zilikuwa za kununulia sanduku, sare na godoro, maana mwaka ule wa 1974 Koleta alichaguliwa kwenda sekondari ya bweni.

Baada ya kuchaguliwa alilegea. Jumamosi tatu alikwenda kucheza mpira wa rede, majivu akayaacha jikoni. Alipofungua kikapu, mchwa walikuwa wamezitafuna noti na kuzikata vipande. Alivificha. Bibi alipokwenda shambani, aliviunga vipande kwa uji mzito, harakaharaka, bila kutazama namba, akazikunja noti na kuzirudisha kikapuni.

Koleta na bibi walishuka mjini Same zikiwa zimebaki siku tano shule ifunguliwe. Omari, mwenye duka, alizirudisha noti.

"Bibi, hizi peleka benki. Mimi nauza masanduku, sinunui viraka."

Benki, karani Tumainieli alimwamkia bibi, kisha akazigeuza noti moja moja. Uso ukamkunjamana.

"Bibi, noti hii ina namba mbili. Kichwa cha moja, mkia wa nyingine. Nani kazitengeneza? Kwa noti kama hizi watu huitiwa polisi."

"Polisi! Mwanangu, hiyo ni kahawa yangu!"

Koleta alisogea mbele ya bibi.

"Ni mimi," alisema. "Sikuweka majivu, mchwa wakala. Nikaziunga kwa uji. Bibi hajui."

"Uji wa chumvi au wa sukari?" mtu mmoja kwenye foleni aliuliza. Watu wakacheka. Bibi hakucheka.

"Ungesema mapema," karani alisema. Alileta karai la maji, wakavibandua vipande na kuvipanga upya, namba kwa namba. Noti kumi na moja zilibaki zaidi ya nusu, namba zikisomeka. Hizo alizibadilisha. Tatu zilikuwa zimekwisha.

"Bibi, fungua akiba hapa. Shilingi tano zinatosha kuanzia. Utapewa kitabu, na fedha itaongezewa faida kidogo kila mwaka."

"Sijui kuandika. Nikizitaka je?"

"Njoo na kitabu na dole gumba lako."

Bibi alifungua akiba kwa shilingi tano. Zilizobaki zilitosha sanduku na sare. Godoro halikupatikana.

"Utalalia mkeka mpaka mavuno," bibi alimwambia Koleta walipotoka dukani kwa Omari. "Mchwa wamekula shilingi thelathini tu. Wewe kwa kuficha ulitaka kuzimaliza zote, na mimi nilale mahabusu. Kuharibu kila mtu huharibu. Ukiharibu, sema siku ileile, kitu kingali kinatengenezeka."

"Nimekosa, bibi."

"Umekosa, ndiyo. Haya, jitwishe sanduku lako, basi litatuacha."