Jina Lililoitwa Ufukweni Magadi

Walikuwa wametoka Kitengela asubuhi kwa kazi ndogo: Shirleen, mwenye miaka minane, alihitaji manyoya ya heroe kwa kazi ya shule. Sasa jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Nguruman, na baba yake, Okoth, alitaka kuondoka.

"Mmoja tu wa pinki, Baba."

Ufukwe wa Ziwa Magadi ulinuka mayai viza. Mchanga ulikuwa bado wa moto chini ya viatu. Mbele yake magadi yalikuwa yameganda meupe, na heroe walisimama kwa maelfu, midomo ndani ya maji. Selpha, mama yake Shirleen, aliwapenda ndege hawa. Alikuwa mtafiti, na kwa miaka kumi na miwili Okoth, mumewe, alisimama hapahapa akimwita arudi, kila alipowafuata mbali, darubini mkononi. Selpha alizikwa Machi.

"Baba Shirleen," alisema Naisula, mama wa Kimaasai aliyewaongoza. "Tangu asubuhi unamtajataja mke wako. Sisi hatutaji jina la mtu amekufa. Na hapa usithubutu."

"Kwetu tunawataja. Hata watoto tunawapa majina yao."

"Kwenu ni kwa maji ya kunywa. Haya hayanyweki, na jina likiitwa hapa huitikiwa."

Okoth alitabasamu kwa adabu. Alipogeuka, mtoto alikuwa juu ya magadi, hatua thelathini mbele, akikimbilia unyoya.

Krak.

Ganda lilipasuka. Okoth alipiga kelele, na mdomo ukatoa jina ulilolizoea.

"Selpha! Rudi!"

Heroe wote wakainua vichwa. Hakuna aliyeruka. Hakuna aliyelia...

Upepo ukakatika.

Mtoto alikuwa amesimama wima. Akageuka polepole, akarudi, akikanyaga magadi bila sauti. Akamshika baba yake mkono. Vidole vilikuwa baridi, katika joto lile.

"Umechelewa kuniita, Japuonj."

Japuonj. Mwalimu, kwa Kijaluo. Ni mtu mmoja tu aliyewahi kumwita hivyo, tena chumbani, taa zikiwa zimezimwa.

Naisula akarudi nyuma. "Usimjibu," alinong'ona. "Ita mtoto wako. Jina lake. Saa hii, kabla jua halijaisha."

"Na huyu je?"

"Ita, mwanaume wewe!"

Vidole vile vilimbana hadi mifupa ikauma.

"Shirleen."

Msichana aliyemshika mkono hakugeuka. Hakupepesa hata macho.

Kule mbele, chini ya ganda jeupe, kitu kikagonga. Kikanyamaza. Kikagonga tena. Kisha ikaja sauti nyembamba, kama inayotoka ndani ya chupa...

"Baba?"

Okoth akavuta mkono wake ili akimbie.

Haukuachiliwa.