Mafiga ya Bibi Magreti

Kijiji chetu cha Mlimbila hakimo kwenye ramani yoyote sasa. Kilikuwa na nyumba kumi na tisa, mlimani juu ya Rudewa. Agosti 1974 mgambo walitushusha bondeni kwenye kijiji cha ujamaa, wakachoma mapaa tusirudi. Yaliyofuata yalimpata Yunis, mama yangu mkubwa. Mama, mdogo wake, alikuwepo. Amenisimulia mara tatu bila kubadilisha neno.

Bondeni hakuna mawe. Watu walipikia juu ya mabonge ya udongo, nayo yalipasuka kila siku. Asubuhi moja sufuria ya Yunis ilipinduka, uji wote ukamwagika. Jirani, mzee Mwinshehe, akacheka.

"Mama Lea, ardhi ya huku nayo inataka uji!"

"Shikamoo, mzee. Cheka tu. Leo naleta mafiga ya kweli."

"Marahaba. Lete na mlima wenyewe."

Yunis akapanda Mlimbila. Mafiga ya kila nyumba yalikuwa yamepasuliwa na moto wa mgambo. Mazima aliyoyakuta ni matatu, juu ya kaburi la mama mkwe wake, Magreti. Kwetu mwanamke akifa, mafiga yake huwekwa juu ya kaburi lake na hayapikiwi tena. Na Magreti alipokuwa hai hakumruhusu Yunis kugusa hata mwiko wake.

Yunis akayafunga kwenye kanga, akashuka nayo.

Adhuhuri akawasha moto. Kuni ziliungua zikaisha. Maji hayakupata hata uvuguvugu.

Kesho yake, bila kuni, mafiga yalikuwa bado ya moto. Lea, bintiye wa miaka mitatu, alikuwa wa baridi. Hakuwa amekula tangu jana yake. Mawe yalizidi joto, mtoto akazidi kupoa.

Danieli, mume wa Yunis, alirudi kutoka lindo shambani. Akayatazama mawe.

"Umeyatoa wapi?"

Yunis akamvuta Lea kifuani.

"Ni ya mama?"

"Nilitaka mtoto ale."

"Yarudishe," alinong'ona. "Wewe mwenyewe. Sasa hivi."

Yunis akaondoka nayo saa nne asubuhi. Mama yangu alibaki amempakata Lea. Miguu ya mtoto ilikuwa imekakamaa. Midomo imepauka. Pumzi zilikuja mojamoja.

Saa saba mchana Lea akafumbua macho. Akatazama juu ya bega la mama. Hapakuwa na mtu. Akatafuna. Akameza. Akatafuna tena.

"Nimeshiba, bibi," akasema.

Joto likamrudia.

Yunis hakurudi. Danieli alipanda na wanaume wawili. Walikuta kaburi limefagiliwa, mafiga yamepangwa mahali pake, majivu ya moto katikati. Kanga ya Yunis ilikuwa imekunjwa pembeni. Nyayo zake zilifika hapo. Hazikuondoka.

Jioni mama alimfumbua Lea ngumi ya kulia. Ndani kulikuwa na tonge la ugali, bado la moto. Lilikuwa na alama ya kidole gumba kipana, chenye ukucha uliopasuka.

Danieli aliilinganisha na vidole gumba vya wote waliokuwa nyumbani. Hakikuwa cha yeyote.